Gari Lililokula "Ha"

Kwa wiki tatu mfululizo gari la Mjomba lilikuwa linakula "ha".

Halikula kitu kingine. Lingekula "pa" au "chi" watu wangecheka na kuendelea na shughuli zao. Lakini lugha yetu imeitwisha hiyo "ha" mzigo mzito mno kwa udogo wake: ikiwepo, jambo limekataliwa; ikitoweka, jambo limekubaliwa. Mjomba alipopita mitaani na spika mbili za tarumbeta juu ya paa la gari, akitangaza kwamba mkutano wa wazazi hautafanyika Alhamisi, spika zilisema "mkutano wa wazazi", zikanyamaza kidogo kama mtu aliyepaliwa, kisha zikamalizia kwa furaha: "utafanyika Alhamisi!" Wazazi wakaja. Wakakaa kwenye madawati ya watoto wao, magoti yakigusa videvu, wakimsubiri mwalimu mkuu ambaye saa hiyo alikuwa nyumbani kwake ananyolewa.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya maji. Mjomba alitumwa kuwatuliza watu kwamba maji hayatakatika. Spika zikatangaza kwamba yatakatika. Mtaa mzima ukajaza madumu, masufuria, mabeseni na hata birika za chai, mpaka maji yakakatika kweli.

Lawama zote zilimwangukia Mjomba. Alikuwa mtangazaji wa gari kwa miaka kumi na tisa, na dawa pekee aliyoijua ya tangazo lisilosikika ilikuwa kupiga kelele zaidi. Basi akapiga kelele. Kadiri alivyopiga kelele, ndivyo gari lilivyozidi kula. Mwanzoni mwa wiki ya tatu daktari alimmulika kooni kwa kurunzi na kuona nyuzi za sauti zimevimba.

"Mzee," daktari akamwambia, "ukiendelea hivi mwezi mmoja zaidi, sauti itaondoka. Na ikiondoka usije kuniuliza imekwenda wapi."

Mjomba akarudi nyumbani na kuanza kuzungumza kwa makofi. Kofi moja lilimaanisha chai. Makofi mawili, njoo hapa. Matatu yalimaanisha "mjinga wewe", na hayo kwa kawaida yalikuwa ya mpwa wake.

Huyo mpwa mtaa ulimwita Digrii. Hawakumwita hivyo kwa heshima. Walimwita hivyo kama vile mtu mfupi anavyoitwa Mnazi. Alikuwa amemaliza chuo, shahada ya uhandisi wa umeme, na kwa miezi minane alikuwa anasubiri barua zake za kuomba kazi zijibiwe. Barua zenyewe zilianza na aya nzima kuhusu nuru na utu, kwa hiyo huenda waliozipokea walidhani ni mahubiri. Wakati anasubiri aliendesha gari la Mjomba, na aliishi na mama yake, dada mkubwa wa Mjomba, katika uga uleule: nyumba mbili, bomba moja, kamba moja ya kuanikia nguo.

Digrii aliamini kwa moyo wake wote kwamba hakuna huzuni ya binadamu isiyoweza kupunguzwa na umeme uliopangwa vizuri. Alipomwona Mjomba akipiga kofi moja kuomba chai, machozi yalimlengalenga.

"Mjomba," akasema, "nitakufungia mtambo ambao wewe utanong'ona tu, na watu wa mtaa wa tatu watakusikia."

Mjomba akashusha mikono. Kisha, kwa sauti kama karatasi inayokunjwa, akauliza, "Lini, mjomba?" Ndivyo walivyoitana, kila mmoja mjomba wa mwenzake.

"Ijumaa."

"Jumamosi nina zahanati."

Digrii alilijua jambo la zahanati. Chanjo ya watoto iliyopangwa Jumatatu ilikuwa imesogezwa, na muuguzi mkuu alimwita Mjomba na kumwambia waziwazi: wewe ndiye sauti wanayoijua, lakini hii "ha" yako ikiliwa tena, kina mama watatembea na watoto mgongoni bure, na mimi sitakuita tena. Wateja wengine walikuwa wamekwisha kuacha kuita. Na Digrii mwenyewe asingeweza kutangaza badala yake. Alijaribu mara moja, akasoma tangazo kama karani anayesoma mashtaka, na mzee mmoja akafunga dirisha.

Kwa hiyo Jumamosi Mjomba angetangaza. Kama mtambo usingekuwa tayari, angepiga kelele, na sauti iliyobaki ingebaki hukohuko mitaani.

Digrii akaanza uchunguzi. Aliipima betri akapata volti kumi na mbili nukta sita. Betri ni nzima, akaandika. Kama betri ni nzima, basi kasoro ni amplifaya, ile ya zamani ya wati themanini, kikopo kilichochakaa cha miaka kumi. Na bahati iliyoje! Chini ya kitanda chake kulikuwa na amplifaya nyingine, ya wati mia sita, aliyoijenga kwa mikono yake mwaka wa mwisho wa chuo. Mhadhiri alikuwa ameigusa kwa kidole na kusema, "Kazi safi." Digrii alikuwa ameyaishi maneno hayo mawili kwa miezi minane, akiyapasha moto kila asubuhi kama kiporo.

Jambo moja tu halikumjia akilini. Kule maabara amplifaya yake ilipata umeme kutoka ukutani, na ukuta wa chuo haukuwahi kumuuliza mtu anataka kiasi gani.

Jumatano alikwenda kwa Bi Fyuzi, fundi wa umeme wa magari pale kwenye kona, ili, kwa maneno yake mwenyewe, "kuthibitisha mahesabu". Bi Fyuzi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba ya kiatu. Alipewa jina hilo kwa sababu kila gari lililoletwa kwake, hata la pancha, aliuliza kwanza: fyuzi iko wapi?

"Shikamoo, Bi Fyuzi."

"Marahaba, Digrii. Leo umekuja na kalamu au na spana?"

"Vyote viwili."

"Haya. Lete hiyo karatasi."

Akavaa miwani, akasoma mahesabu yote kurasa mbili bila haraka.

"Umeandika vizuri," akasema. "Hapa umesema betri ni volti kumi na mbili nukta sita. Uliipima ikiwa inafanya nini?"

"Ikiwa imetulia."

"Imelala."

"Ndiyo, imelala."

"Mchukuzi aliyelala utajuaje anabeba magunia mangapi? Umepima kule nyuma, kwenye amplifaya yenyewe, mzee akiwa anasema?"

"Mahesabu yanaonyesha kwamba..."

"Sijauliza mahesabu yanaonyesha nini. Nimeuliza kama umepima."

"Bado."

"Basi sikiliza. Betri ni ndoo, alternata ndiyo bomba linaloijaza, na waya ndio mfereji. Amplifaya yenu ndogo inakufa njaa, na wewe unataka kuleta kubwa. Nyumbani kwenu chakula hakimtoshi mtoto, mnaalika harusi?"

Digrii akacheka kwa adabu. Akamshukuru kwa heshima zote, kama mtu anavyomshukuru mkubwa kwa ushauri ambao hataufuata. Kitu kimoja tu alichokichukua pale gereji ni msamiati. Alikuwa ameona kwamba kila alipotamka "mkondo wa umeme" mafundi walitazamana. Wao walisema moto. Waya wa moto. Moto mdogo. Moto haufiki. Basi njia nzima ya kurudi nyumbani alijizoeza, akinong'ona kama mtu anayekariri sala: moto umefika, moto haujafika, moto umefika.

Ijumaa saa nne asubuhi gari lilikuwa katikati ya uga, boneti wazi, buti wazi. Mjomba alikaa kiti cha mbele, mkono kwenye ufunguo, kimya kwa amri ya daktari. Mama yake Digrii alikuwa bombani na mabeseni mawili ya nguo, moja la povu, moja la kusuuzia. Ng'ambo ya ukuta, jirani mwenye duka alikuwa anapanga sabuni. Nje ya duka lake ilining'inia ndoo nyekundu ya mchanga, imeandikwa MOTO kwa herufi nyeupe. Ilining'inia hapo kwa miaka tisa, na kila mwaka aliipaka rangi upya, akitumaini bila kukiri.

Digrii alikuwa ameilaza kebo yake nene ya maabara kutoka kwenye betri hadi kwenye buti. Aliunganisha amplifaya yake. Akasema, "Washa, Mjomba." Taa ndogo ya kijani iliyopaswa kuwaka haikuwaka.

Alikagua upande wa moto. Safi. Alikagua swichi. Safi. Akaanza kuishuku sayansi. Saa nzima ilipita, kichwa chake kikiwa ndani ya buti na miguu nje, kabla hajautazama waya wa bodi, ule unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari ili safari ya umeme itimie. Aliufunga kwa bolti nzuri, juu ya rangi nzuri. Rangi haipitishi umeme. Hilo hufundishwa mwaka wa kwanza, wiki ya pili, na Digrii alikuwepo siku hiyo na alikuwa ameketi mbele.

Akachukua msasa akaanza kusugua chuma kwa hasira. Vumbi jekundu la kutu na rangi likapanda kutoka kwenye buti, zito, likijikunja juu ya paa la gari. Akakaza bolti. Taa ya kijani ikawaka.

Siku mbili za mazoezi zikamtoka kwa mpigo.

"Moto!" akapiga kelele. "Moto umefika! Mama, moto umefika! Umefika nyuma!"

Mama yake aligeuka. Aliona miguu ya mwanawe ikitupatupa nje ya gari, na wingu jekundu juu yake. Mama mwenye mtoto mmoja hangoji kuuliza ni moto wa aina gani. Beseni la kwanza lilikwenda lote, maji, povu na soksi. Digrii alikurupuka, akagonga kichwa kwenye kifuniko cha buti, akafungua mdomo kueleza, na maelezo yakajaa sabuni.

"Toka, mwanangu! Toka!"

"Mama, si..."

"Nakuja na la pili!"

Ndipo Mjomba alipotoka garini. Alielewa kila kitu. Miaka kumi na tisa ya kuingia gereji ilimfundisha moto ni nini. Sentensi moja tu ingetosha: si moto wa kuunguza. Akainua mkono, akajaza kifua, akafungua mdomo kwa nguvu zote.

Hakikutoka kitu. Ilitoka pumzi, kama mpira unaoishiwa upepo. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikimsimama, na tena ikatoka pumzi tupu.

Beseni la pili likapita mbele ya macho yake. Jirani naye, ambaye siku yake ilikuwa imefika, alitokeza juu ya ukuta na kumwaga mchanga wa miaka tisa wote kwa mara moja. Amplifaya ya wati mia sita ikasema "tsss", ikatoa povu kwenye matundu ya kupozea, kisha ikatulia, soksi moja juu yake.

"Umezimika!" jirani akatangaza, akihema kwa furaha.

Wengine walikuwa wanamtazama Mjomba, aliyesimama na mkono kooni. Sauti iliyokuwa ikifika mtaa wa saba ilikuwa imeshindwa kuvuka uga.

Mama yake Digrii akaweka beseni chini polepole. "Kwani si ulisema moto?"

"Moto wa umeme, Mama."

"Basi sema umeme! Nimekusomesha miaka minne, uje useme moto?"

Digrii akajifuta uso kwa kiganja. Povu lilimtiririka masikioni. Alikuwa ameitazama amplifaya yake mara moja tu, na ajabu ni kwamba haikumuuma. Kilichomuuma ni yule mtu mzima aliyekuwa anajaribu kusema neno na kumeza pumzi yake mwenyewe.

Habari hukimbia, na zilipofika kwenye kona Bi Fyuzi akaja na mita yake mkononi.

"Nimesikia moto umefika," akasema mlangoni. "Umefika salama?"

Kisha akamwona Mjomba, akaacha mzaha. Akamketisha kwenye kigoda. Akamgeukia Digrii.

"Chomoa hiyo maiti. Ile amplifaya ya zamani iko wapi?"

"Jikoni."

"Irudishe. Kwenye waya wake uleule, ilivyokuwa. Usirekebishe chochote. Umenisikia? Zuia akili."

Digrii akarudisha kikopo cha wati themanini mahali pake. Bi Fyuzi akainama nyuma, akashika ncha za mita pale waya unapoingia kwenye amplifaya.

"Washa injini. Mzee asiseme kitu. Chukua maiki, sema wewe."

"Niseme nini?"

"Inakula nini hii?"

"Ha."

"Basi ilishe."

"Ha," akasema Digrii.

"Mzee anasema hivyo? Kwa nguvu!"

"Ha! Ha! Ha!"

Kutoka kwenye paa la gari ikatoka "a... a...", kisha kimya. Nje ya lango wapita njia wawili wakasimama.

"Digrii anacheka nini?"

"Labda amejibiwa barua."

"Maskini. Zote kwa pamoja?"

"Usiwasikilize," Bi Fyuzi akasema. "Njoo utazame mita."

Digrii akashusha maiki kwa mkono mmoja na kuinama. Alisema "ha", na mshale ukaanguka kutoka kumi na mbili hadi tisa, amplifaya ikafumba jicho, ikafumbua. Alisema tena, mshale ukainama tena kama mtumishi. Bi Fyuzi akahamia mbele kwenye betri. Pale, "ha" ileile haikuutikisa mshale hata unywele.

"Mbele moto upo, nyuma haufiki," akasema. "Unapotelea njiani. Tuione hiyo njia."

Akainua zulia la gari. Chini yake ulilala waya mweupe mwembamba, umenyooshwa vizuri, umebanwa kwa vibanio kila baada ya shibiri, safi kama mstari wa daftari.

"Huu ni waya wa taa ya mezani," Bi Fyuzi akasema. "Kila mzee anapovuta pumzi ya 'ha', amplifaya inaomba moto mwingi kwa mara moja, na njia yenyewe ni nyembamba kama mrija wa soda. Inazimia. Nani ameulaza huu humu?"

Tone moja la maji lilidondoka kutoka kwenye buti.

Digrii alijua. Wiki tatu nyuma, Jumapili moja, aliamua kumfanyia Mjomba wema. Kulikuwa na kebo nyeusi nene, mbaya, iliyopita katikati ya viti, na Mjomba alikuwa anajikwaa kila akipanda. Digrii aliing'oa akaitupa. Akaweka waya mwembamba uliofichika, kwa sababu ulipendeza. Mama yake alisifu usafi ule. Hata yeye mwenyewe alipiga picha.

Angeweza kusema hajui. Mjomba hakuwa na sauti ya kumbishia. Wazo hilo lilipita kichwani mwake kwa muda wa kupepesa jicho, akalionea aibu kuliko povu.

"Mimi," akasema.

Akaenda akachuchumaa mbele ya kigoda.

"Mjomba, ni mimi. Nilitoa ile kebo nene. Wiki tatu zote ulikuwa unapiga kelele kwa sababu yangu. Si spika, si amplifaya. Ni mimi."

Mjomba aliinua mikono. Digrii akasubiri makofi matatu, akayatamani kabisa. Lakini mikono ikatua tena juu ya magoti bila kukutana, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Haya," Bi Fyuzi akasema. "Kulia kwa mwanamume aliyelowa hata hakuonekani. Simama tufanye kazi."

Walifanya kazi mpaka alasiri. Kebo nene ya maabara, iliyonusurika kwa kuwa imefunikwa mpira, ikawa njia mpya. Fyuzi ikakaa shibiri moja kutoka kwenye betri, na Bi Fyuzi akaipima hiyo shibiri kwa mkono wake mwenyewe. Waya wa bodi ukafungwa kwenye chuma kilichosuguliwa hadi kikang'aa kama sarafu, kisha ukapakwa grisi juu, kuzuia kutu. Mkanda wa alternata ulikuwa umelegea, ukakazwa.

"Mkanda ukilegea, alternata inachaji kwa maneno tu," Bi Fyuzi akasema. "Na kesho usitembee kwa injini iliyolala. Gari la matangazo linakwenda polepole, na likienda polepole alternata inasinzia. Gia ya kwanza, injini iimbe kidogo. Zima feni, zima taa, zima kila kinachokula bure."

Kila hatua alimlazimisha kupima. Kila kupima kulihitaji "ha". Kufikia saa tisa mtaa mzima uliamini kwamba Digrii, baada ya msiba wake, alikuwa ameamua kuyachukulia mambo kwa furaha. Mara ya mwisho alisema "ha" kwa kifua kizima, na mshale ukatoka kumi na tatu nukta nane ukashuka kidogo tu, ukasimama kwenye kumi na tatu nukta tatu.

"Imeshiba," Bi Fyuzi akasema, akavua miwani.

Mjomba hakutamka neno jioni ile. Alikunywa maji ya uvuguvugu, akalala mapema. Upande wa pili wa uga Digrii alijigeuza kitandani. Alikuwa na mita, alikuwa na namba, na safari hii alikuwa amepima mahali panapostahili. Lakini koo la mtu halina sehemu ya kushikizia mita.

Jumamosi saa mbili waliingia mtaa wa kwanza. Digrii aliweka gia ya kwanza, jicho moja barabarani, jicho moja kwenye mita aliyoifunga juu ya usukani. Mjomba alichukua maiki. Kwa mazoea ya miaka kumi na tisa alijaza kifua, na mishipa ya shingo ikaanza kupanda.

"Mjomba," Digrii akasema. "Nong'ona."

Mjomba akamtazama kama abiria anavyomtazama dereva aliyekwisha kumwangusha mara moja.

"Tafadhali, Mjomba. Kama unavyoomba chumvi mezani."

Mjomba akatoa nusu ya pumzi. Akaisogeza maiki mdomoni. Na kwa sauti ya chini, yenye mikwaruzo, ya mtu anayezungumza na mtu mmoja, akasema:

"Kina mama, hamjambo. Chanjo ya watoto haitatolewa Jumatatu."

"Ha" ikatoka. Ilitoka nzima, na pumzi yake yote. Ikaenda hadi mwisho wa mtaa, ikagonga ukuta wa ghala, ikarudi kwao: haitatolewa. Mshale wa mita ukatikisika kidogo ukatulia.

"Itatolewa Jumatano," Mjomba akaongeza, na mkono wake uliokuwa umeushika mlango ukalegea.

Mlango mmoja ukafunguka. Mama mwenye mtoto begani akatokeza.

"Baba, umesema haitatolewa?"

"Haitatolewa."

"Jumatatu?"

"Jumatatu haitatolewa, mama. Jumatano."

Mama akageukia nyumba ya pili. "Jirani! Jumatatu usiende, ni Jumatano!"

Wakaenda mtaa wa pili, wa tatu, wa nne. Watu walikuwa wanatoka nje kutazama. Mzee mmoja kwenye benchi aliuliza kama kuna mtangazaji mpya.

"Ni yuleyule," mwenzake akamwambia.

"Mbona leo anazungumza kama mtu?"

Mitaa kumi na miwili. Mguu wa Digrii ulikufa ganzi juu ya klachi, shati likamganda mgongoni, lakini hakuthubutu kubadilisha gia. Saa sita na robo Mjomba aliitundika maiki kwenye ndoano yake. Akazima amplifaya. Akapeleka mkono kooni na kukohoa kidogo, akijaribu, kama mtu anayekanyaga mguu uliokuwa umevunjika.

Sauti ilikuwepo. Ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwepo, na tangazo lilikuwa limekwisha. Kwa wiki tatu Mjomba hakuwahi kufika adhuhuri akiwa amebakiwa na chochote.

"Sasa," akasema. "Wewe."

"Naam, Mjomba."

"Waya wa taa ya mezani."

"Ndiyo, Mjomba."

"Kwenye gari langu. Eti unapendeza! Mimi natafuta kusikika, wewe unatafuta kupendeza. Nani anautazama huo waya, bibi harusi?"

"Hakuna, Mjomba."

"Kosa la kwanza hilo. La pili, Bi Fyuzi alikwambia upime, hukupima. Mtu mwenye miwani ya kamba ya kiatu ameona kitu ambacho wewe na chuo chako hamkukiona. La tatu, hiyo mita umeifunga hapa juu ya usukani, mimi nikitaka kuona barabara nionee wapi? La nne, nimezisoma barua zako."

"Barua zipi?"

"Za kazi. Mama yako alinipa. Ukurasa mzima nuru, nuru, nuru. Mtu anataka kujua kama unaweza kufunga swichi! Waandikie kwamba umelisha 'ha' mpaka ikashiba. Hiyo ni kazi, mtu anaielewa."

"Nitaandika, Mjomba."

"La tano, unasema 'ndiyo Mjomba' kabla sijamaliza."

Digrii akafunga mdomo. Walikuwa wamefika kwenye njia panda. Kulia ilikuwa nyumbani, dakika tano. Hakupinda. Alinyoosha mbele, kwenye barabara inayozunguka nyuma ya ghala na shule na gereji zote, gia ya kwanza, injini ikiimba kidogo, na sauti ile yenye mikwaruzo ikiendelea karibu na sikio lake: shati, nywele, kupiga honi ovyo, soksi.

"Njia hii ni ndefu," Mjomba akasema, akikatiza kosa la tisa.

Digrii akashikilia usukani vilevile.

Mjomba akatazama nje ya dirisha, akaegemeza mgongo kitini.

"Haya," akasema. "La kumi."